Birika la Marehemu wa Watu

Ukiingia kanisani kwetu, kule milimani Taita, wa kwanza kukutazama ni tai. Ni tai wa shaba, amekunjua mabawa, na Biblia kubwa inalala mgongoni mwake. Watoto wanamwogopa. Mimi nilimwogopa mpaka darasa la nne, hasa kwa kuwa mama yangu alikuwa akimsugua kila Jumamosi huku akizungumza naye. "Geuka huku, mzee, nikutoe uchafu sikioni." Ati tai ana sikio!

Kanisa lilijengwa na wamisheni wa Kiingereza enzi za yule malkia wao aliyetawala mpaka akazeekea kitini, na wakalijaza vitu kama vya kwao: mimbari ya mawe yenye ngazi, kinanda cha kukanyaga kwa miguu, vioo vya rangi madirishani, jiwe la ubatizo lenye pembe nane. Na kila kitu kina kibao cha shaba. Kwa utukufu wa Mungu na kwa kumbukumbu ya fulani. Tai ni kumbukumbu ya mmisheni aliyekufa kwa homa kabla hajamaliza mwaka. Kinanda ni cha mke wa mtu. Jiwe la ubatizo ni la mtoto aliyeishi siku tisa, na mama akifika kwenye kibao chake alikuwa akipunguza nguvu za mkono, kama vile mtoto amelala.

Mama hakujua Kiingereza. Vile vibao alivijua kwa kuvisugua, kwa majivu na ndimu, na baadaye kwa dawa ya kopo. Alikuwa na msemo wake, wenzake wa Umoja wa Akina Mama wakiusikia wanacheka mpaka wanashika mbavu: "Nimewasugua wafu wa watu miaka yote hii. Nikifa mimi, atanisugua nani?" Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshahesabu. Kanisa zima, hakuna kibao hata kimoja chenye jina la mtu wetu. Waliobeba yale mawe kichwani kutoka mtoni, hata herufi moja hawakupata.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomkera mama. Lile jiwe la ubatizo lilikuja na birika lake la shaba la kumiminia maji, nalo liliibwa zamani. Tangu hapo watoto wa Taita wakabatizwa kwa jagi la plastiki la kijani, jagi la uji hasa. Mama alilifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe ili lisionekane na wageni.

Alifariki nikiwa Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, kwenye jumba lenye taa za vioo za kuning'inia nilizokuwa nikizipandia ngazi kuzifuta kioo kimoja kimoja. Dada yangu alinipigia nikiwa huko juu. Nikashuka, nikamwambia madam. Alisikitika, sitamsingizia, alinikalisha akanipa maji. Lakini pasipoti ilikuwa kwa kafili, yaani mumewe, aliyenidhamini, naye alikuwa safarini. Aliporudi akasema, "Mazishi si yameshapita? Utakwenda kufanya nini?" Halas, imekwisha. Nikarudi kwenye taa.

Dada alinitumia picha. Jeneza lilikuwa mbele ya madhabahu, na nyuma yake tai, amejaa alama za vidole. Hakuna aliyemsugua wiki ile, maana msuguaji ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza. Nililia, jamani, na ukiniuliza nililia nini hasa, nililia zile alama za vidole. Siku hiyo nikaapa kwamba mama yangu atakuwa na kitu chake mle ndani, chenye kibao, na nikajua kitakuwa ni birika la ubatizo.

Mkataba wa Riyadh ulipokwisha nilikwenda nyumbani majuma matatu, nikaona kaburi, kisha nikatafuta safari nyingine. Ajenti wa Mombasa akaniambia kuna kazi Jeddah, Al-Nuzha, kumtunza mama mzee. "Kazi nyepesi. Lakini wanataka Mwislamu. Wewe una shida gani? Jifunge mtandio, useme ndiyo. Wenzako wote wanasema." Nikasema ndiyo. Hakunishika mkono wala hakunitisha. Hapo ndipo ninapoanza kuona haya, na bado hatujafika popote.

Mama mzee yule tulimwita mama kabira, mama mkubwa. Madam alikuwa binti yake. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumvisha, kumsaidia kutawadha, na kuswali kando yake ili asianguke akiinuka. Mimi nimekulia karibu na Waislamu, kuinama na kuinuka nilikujua. Maneno ndiyo sikuyajua, nikawa natikisa midomo tu. Siku ya tatu, baada ya alasiri, akanigeukia. Nikasema moyoni, yamenifika. Yeye akanishika kidevu: "Masikini, wamekufundisha vibaya huko kwenu." Kuanzia hapo akawa ananifundisha mstari mmoja mmoja, na kila mstari niliopatia ananitia tende mdomoni kwa mkono wake. Mtu mzima mimi! Nilimpenda yule mama. Nisingempenda, hata haya nisingekuwa nayaandika.

Kwenye lango la nyumba alikuwa ameweka mashine ya maji baridi kwa wapita njia, na juu yake kibao chenye jina la marehemu mumewe. Wafagia barabara na madereva walikuwa wakisimama pale wakinywa. Alinieleza kwamba kila anayekunywa, thawabu inamfikia mumewe kaburini, na kwamba hivyo ndivyo mtu anavyomtunza maiti wake. Kumbe ni kitu kilekile! Tai wetu, kinanda chetu, jiwe la mtoto wa siku tisa. Nilitamani kumweleza habari za mama na majivu yake na ndimu, haki ya Mungu ulimi ulikuwa unaniwasha. Nikaumeza. Mama yangu, kwa uongo wangu, alikuwa Mwislamu pia.

Na si hilo tu. Aliniuliza jina la mama ili amwombee. Mama yangu ana jina la ubatizo, jina zuri, la mwanamke wa kwenye Biblia. Nilitoa jingine, la kubuni, lililonijia mdomoni. Mama kabira akainua mikono, akaliombea hilo jina mbele yangu, machozi yakamlengalenga. Aliendelea kuliombea kila siku kwa miaka miwili. Mama yangu hakupata hata dua moja katika zile dua, kwa sababu mimi binti yake nilimnyima anwani.

Siku zangu za kuondoka zilipokaribia, akaniita chumbani kwake, akaniambia nifungue sanduku la chini. Ndani mlikuwa na birika la shaba la kutawadhia, shingo ndefu, mdomo uliopinda vizuri, tumbo limechongwa maua madogo. Lilikuwa la mama yake. Mama yake, akasema, aliletwa Makka kuhiji akiwa mtoto, kutoka nchi ya mbali, wazazi wake wakafa kwa maradhi palepale, akalelewa na watu wa Jeddah. Hakuwa na karatasi wala ndugu. Alichokuwa nacho ni jina lake kamili, pamoja na la baba yake na la babu yake, alilokuwa akilikariri kila siku asije akalisahau. Alipokufa, mama kabira alilichongesha kwenye birika, mstari mmoja wa Kiarabu ukizunguka tumbo, na mwisho wake maneno ya kumwomba mwenye kutawadha amwombee marehemu.

"Hapa wataliweka kabatini liwe pambo," akasema. "Kitu kisichotumika hakimfikishii maiti chochote. Chukua wewe. Kila utakapotawadha, umtaje." Akapitisha kidole kwenye maandishi, akanisomea lile jina polepole, mara tatu, nami nikaitikia mara tatu. Nikalifunga ndani ya abaya, nikalitia kwenye begi, nikambusu mkono. Alilia. Na mimi nililia, na machozi yangu yalikuwa ya kweli, ingawa sijui kama mtu kama mimi anastahili kusema hivyo.

Ningeweza kununua birika jingine, mnielewe. Sikukosa uwezo wa kununua birika. Lakini madukani yaling'aa kama sufuria za harusi, na mimi nilitaka kitu chenye uzee, kitu ambacho kikikaa karibu na vile vitu vya Waingereza hakitaonekana cha juzi. Nilitaka mama asionekane maskini mbele ya wafu wa watu. Tangu ndani ya ndege nilikuwa nimeshaamua. Niliishika safari nzima ile kamba ya begi nikijiambia kwamba maji ni maji, na Mungu ni mmoja, na mama kabira hatajua.

Shida ilikuwa yale maandishi. Baraza la kanisa lisingekubali birika lenye Kiarabu tumboni, na wangeuliza nimelipataje. Nikalipeleka kwa fundi wa shaba, mzee wa Mji wa Kale, Mombasa. Akavaa miwani, akalizungusha kwenye mwanga, akalisoma jina lote kwa sauti, akasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu. Ni nani wako, bibie?"

"Simjui," nikasema. "Nimelinunua sokoni. Nataka uyatoe maandishi, nitaweka kibao."

Aliliweka chini taratibu. "Jina la maiti halifutwi, mwanangu. Lirudishe kwa wenyewe, au litumie kama lilivyo." Akavua miwani, akaendelea na kazi yake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Basi mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilipanda gari mpaka Voi, kwa kijana wa jua kali anayechomelea mageti. Yeye hakuvaa miwani yoyote. "Nitoe yote?" akauliza. "Toa yote," nikasema. Akawasha mashine yake ya kusagia. Nilisimama palepale, sikugeuza uso, nikaona vumbi la njano likimwagika juu ya viatu vyake, herufi baada ya herufi. Hata sikumaliza soda yangu, kazi ikawa tayari. Juu ya pale palipolainishwa, akafunga kibao changu kwa skrubu nne. Kwa utukufu wa Mungu na kwa kumbukumbu ya mama yangu, jina lake lote, safi kabisa.

Kwetu kitu cha kumbukumbu hakiingii kanisani hivihivi. Mtoaji anaitwa mbele ya baraza, anaulizwa kama ni mshiriki, na kitu amekipata vipi. Mchungaji aliniuliza, "Umekipata kwa njia njema?" Nikajibu, "Ndiyo, mchungaji, kwa jasho langu, Jeddah." Wazee wakatikisa vichwa kwa furaha. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na lami.

Jumapili ya kuliweka wakfu akina mama walikuja na sare zao, na vigelegele vikaanzia getini. Mama mdogo, mdogo wake mama, alipapasa kibao kwa kidole gumba, akasema, "Dada, umeingia." Akaanguka kwenye bega langu. Siku hiyohiyo palibatizwa mtoto, na maji yalitoka kwenye ule mdomo uliopinda kama uzi, bila hata tone kumwagika nje. Lile jagi la kijani likapelekwa jikoni kwa mchungaji. Nikasema kimoyomoyo, mama, waona? Kwa dakika chache nilifurahi kweli, na hizo dakika chache ndizo ninazozionea haya zaidi ya zote.

Kisha mchungaji akapanda mimbari. Akahubiri juu ya kuishika imani ugenini. Akanyoosha mkono akanionyesha, mimi, benchi la pili: "Mtazameni binti huyu. Amekaa Arabuni miaka mitano. Wangapi walibadili majina, walibadili dini kwa ajili ya kazi? Yeye hakumkana Bwana wake!" Kanisa zima likaitikia amina. Niliinamisha kichwa. Walidhani ni unyenyekevu. Nikajikuta nasoma vibao vya ukutani kimoja kimoja, vya wale Waingereza, ili nisikutane macho na mtu.

Tangu hapo nikapewa kazi ya mama ya Jumamosi. Nani angenikatalia? Nilisugua tai, nikasugua jiwe, na birika nililisugua upesiupesi, nikaligeuzia kibao ukutani. Maisha yakaenda. Mtu huzoea. Siku moja madam akanipigia kutoka Jeddah.

Alianza kwa salamu zote, za watoto, za afya, za mvua. Kisha akasema mama kabira ametutoka, wiki ya tatu ile. Nikakaa chini palepale uani. Akasema siku za mwisho alikuwa akiuliza swali moja tu: "Yule binti yangu wa Afrika, bado anatawadhia birika la mama?" Nao walikuwa wakimjibu ndiyo, analitawadhia, akawa anatulia.

"Bado unalo?" madam akauliza.

"Ninalo, madam."

"Linatumika?"

"Linatumika," nikasema. "Maji yanatoka vizuri sana." Ukweli mtupu. Sijawahi kusema uongo mchafu kama ule.

Akashukuru, akanibariki. Ndipo akaleta ombi lake. Wanataka kuweka mashine mpya ya maji langoni, kwa ajili ya mama yake, na kwa kuwa mama yake alimpenda sana bibi, yule mwenye birika, wameamua iwe ya wote wawili, mama na binti. Sasa jina la bibi kamili, la baba yake na la babu yake, hakuna aliye nalo. Wao walimwita bibi tu. Mama kabira ndiye aliyelijua, na wiki za mwisho ulimi wake ulikuwa mzito. "Lakini kwenye birika lipo," madam akasema, na nikasikia anavyotabasamu. "Nipigie picha ya yale maandishi, mpenzi. Mafi mushkila, hakuna shida, wakati wowote ukipata nafasi."

"Nitakutumia," nikasema.

Nilijaribu kulikumbuka. Mungu ni shahidi, nilijaribu. Nilisomewa mara tatu, kidole kikipita juu ya herufi, nami niliitikia mara tatu. Jina la kwanza ninalo. La baba naona lilianza kwa sauti ya koo. La babu sina kabisa. Nilikuwa nikiitikia kwa mdomo tu, kama nilivyokuwa nikiswali. Nikaenda Mombasa kwa yule mzee wa miwani. Alinikumbuka kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia yote, kwa mara ya kwanza kumwambia mtu. "Nimesoma majina mengi, mwanangu," akasema. "La mtu wako silo nililoshika. Nilishika uso wako."

Jumamosi iliyofuata nilijifungia kwenye chumba cha majoho na bisibisi. Nikafungua zile skrubu nne, nikaliondoa jina la mama yangu, nikaliweka mezani. Chini yake palikuwa laini. Nililiinamisha kwenye mwanga wa dirisha huku na huku, nikapitisha ukucha, nikapitisha ulimi hata. Nikapaka masizi ya mshumaa nikapangusa, labda herufi zitabaki kwenye mashimo. Hakukuwa na shimo. Yule kijana ni fundi mzuri, kumbe.

Madam alikuwa ameshaniandikia mara tatu. Mara ya tatu alinitumia picha ya mashine yenyewe, imeshafungwa langoni, na juu yake kibao. Upande wa mama kabira umeandikwa. Upande wa pili mtupu.

Nikakaa pale kwenye chumba cha majoho, simu mkononi, kibao cha mama mezani. Mficha uchi hazai, nikajiambia. Nikaandika: Madam, jina halipo. Nililifuta mimi, kwa mashine, nikaweka jina la mama yangu. Mimi si Mwislamu na sikuwa. Birika liko kanisani. Nikaituma kabla mkono haujakataa.

Aliisoma saa ileile. Akaandika neno moja: Kwa nini?

Nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka mama yangu naye awe na kitu kizuri.

Nikaanza kurudisha kibao, nikakaza skrubu mbili. Ndipo simu ikalia. Alikuwa ameandika: Na mama yangu naye alikuwa na mama.